Nukta Yenye Miiba

Tarehe 4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba masikio yako ni yaleyale, maana yangepona ungenunua simu na mimi ningepumzisha mkono. Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini ukimuuliza anasema ngazi ndizo zimeongezeka. Nilimwambia nakuandikia. Alikuwa anakunja shuka, akaendelea kukunja.

Sasa jambo lenyewe. Bado niko kikosi cha kulinda mahakama, ghorofa ya pili, korido ya kesi za ardhi, ambako watu wanachukiana kuliko kule kwa wauaji. Mwezi huu tumeambiwa bastola zetu zote zitafungwa kioo kidogo juu, chenye nukta nyekundu ndani yake. Unatazama kupitia kioo, unaiona nukta, na pale inapotua ndipo risasi itakapokwenda. Vimeletwa vya aina nne na kila mtu ameruhusiwa kuchagua chake. Mkufunzi wetu, tunayemwita Kengele kwa ajili ya sauti yake, anasema tuchague kama tunachagua mchumba. Wenzangu wanachagua kwa umbo. Mimi nikakumbuka kwamba ukoo wetu una mtu aliyefundisha watu kulenga shabaha miaka kumi na minne kabla hajageuka fundi wa cherehani. Nichague kipi, Mjomba, na nikitumieje?

Mpwa wako,
Mdadisi


Tarehe 23 Februari

Mdadisi,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenichangamsha, ingawa umeyasema masikio yangu. Huku mvua imegoma kuisha na cherehani ninazoletewa zimeota kutu hadi kwenye roda. Msalimie sana dada. Mwambie goti alikande kwa maji ya vuguvugu asubuhi. Kama hataki ushauri uliotoka kwangu, sema umetoka kwako.

Vioo hivyo ninavijua kidogo. Mwenye duka la zana za uwindaji hapa mjini huniletea nivifunge, kwa hiyo sisemi ya kusikia. Kuna cha wazi na cha kufunikwa. Cha wazi taa yake ndogo iko nje, nyuma ya kioo. Tone la maji au uzi wa koti ukikaa pale, nukta inapotea. Cha kufunikwa ni kijisanduku chenye kioo mbele na nyuma. Kizito kidogo, lakini vumbi halina pa kuingilia. Bastola yako inakaa kiunoni chini ya koti kutwa nzima, basi chukua cha kufunikwa. Usichague nukta ndogo mno. Ile ni ya watu wa kutoboa karatasi mbali, na wewe unataka ya kuonekana upesi kwa hatua kumi. Tazama pia betri inaingilia wapi. Ikiwa inaingilia chini, kila ukiibadili unafungua kifaa chote na kuanza upya kukisawazisha uwanjani, kwa hiyo achana nacho. Skrubu zipakwe gundi yake, halafu chora mstari wa rangi uvuke kichwa cha skrubu mpaka kwenye kifaa. Asubuhi ukikuta mstari umekatika, skrubu imelegea. Na vilengeo vya zamani vya chuma, cha mbele na cha nyuma, visitolewe, viwekwe virefu vionekane kupitia kioo, kwa kuwa betri hufa bila kuaga.

Kwenye kuitumia, usiitafute nukta. Anayeitafuta huzungusha bastola kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio. Ilete kifuani, isukume mpaka mbele ya jicho kwa njia ileile, mara mia kwa siku, bila risasi, mbele ya ukuta mtupu. Itakuja yenyewe. Itatetemeka, nawe iache itetemeke. Macho yote mawili yawe wazi, na umtazame unayemlenga, nukta ije juu yake. Sisi tulifundishwa, nami nikafundisha wengine, kukaza jicho kwenye ncha ya chuma iliyo mbele ya mtutu, na mtu aliye mbele awe ukungu. Ninyi mtamwona mzima, uso na mikono. Ni jambo jema. Lingekuja mapema.

Mjomba wako


Tarehe 20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Huku ni wazima, isipokuwa jirani wa juu amenunua ngoma na hajui kuipiga. Ushauri wa goti nimeutoa kama wangu. Mama akaniuliza tangu lini nimekuwa daktari, lakini asubuhi nilimsikia akichemsha maji.

Nimechukua cha kufunikwa, betri inaingilia ubavuni. Kengele aliuliza nani kanifunda, nikamwambia ni mambo ya ukoo. Mstari wa skrubu nimeuchora kwa rangi ya kucha. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu, na sasa watatu wameshakuja kuazima kichupa.

Lakini nina tatizo. Nukta yangu ina miiba. Wote wanasema wanaona duara, tone la wino jekundu. Mimi naona kitu kama nyota iliyokanyagwa, kina mkia upande wa kushoto, na pembeni yake kuna kanukta kengine kadogo kanakoifuata. Nilirudisha kifaa nikapewa kingine, hali ni hiyohiyo. Nikaomba kutazama kwenye bastola ya mwenzangu, miiba. Kengele akachukua ya kwangu, akatazama, akasema iko sawa, kisha akanitazama mimi. Nikajichekesha.

Tarehe 24 Aprili kuna mtihani. Atakayeshindwa anashushwa getini kupekua mikoba. Miaka mitano nimeihangaikia ile korido, Mjomba, na mwanamke akishushwa pale harudishwi juu. Nifanye nini?

Na jingine. Juzi nilikuwa nafuta vumbi picha ya Mjomba Mdogo pale sebuleni, ile aliyovaa sare. Nikamuuliza mama kama mlikuwa kikosi kimoja. Akasema, "Muulize mwenyewe," akatoka nje. Mimi nilikuwa na miaka mitano alipofariki, na nilichoambiwa ni kwamba alifia kazini, basi. Mlikuwa pamoja siku hiyo?

Mdadisi


Tarehe 5 Aprili

Mdadisi,

Marahaba. Mimi mzima. Msalimie dada.

Fanya hivi. Toa risasi zote, kagua mara mbili, weka bastola mezani ikitazama ukuta. Washa nukta, halafu ipige picha kwa simu kupitia kile kioo. Ikitoka duara kwenye picha, kifaa ni kizima na kasoro iko kwenye jicho lako. Nadhani jibu ninalijua. Hayo ni macho ya babu yako, baba yetu. Ngozi ya kioo iliyo mbele ya mboni haikutoka mviringo sawasawa, mwanga ukiingia unatawanyika. Hayaumi na hayapofushi, na mwenye nayo anaweza kuishi nayo bila mtu kumjua.

Mtihani utapita. Punguza mwanga wa nukta mpaka inakaribia kupotea, miiba itanywea. Kisha itazame nukta kupitia mwanya wa kilengeo cha chuma cha nyuma. Mwanya ule mwembamba unauchuja mwanga, kitu kinarudi kuwa kimoja. Fanya mazoezi hayo peke yako na usimwambie mtu yeyote. Getini hapakufai.

Umeuliza habari za mdogo wetu, Kitinda. Ndiyo, tulikuwa pamoja.

Mvua huku imekwisha.

Mjomba wako


Tarehe 2 Mei

Mjomba wangu mwenye dawa,

Shikamoo, tena kwa magoti mawili. Nimepita. Risasi thelathini na nane ndani kati ya arobaini, wa tatu kwa kikosi kizima, na Kengele amenipa mkono mbele ya watu. Picha ilitoka duara kama ulivyosema. Nilikaa nayo kitandani nikiitazama, nukta nzuri kabisa, nikajionea huruma kidogo, halafu nikajikaza kisabuni nikaanza mazoezi ya mwanya. Polepole ninaipata. Ukiniharakisha ndipo miiba inarudi, lakini mtihani hauharakishi mtu.

Mama aliniona nimefurahi akauliza kulikoni, nikamwambia Mjomba amenifundisha kuona. Akaweka kikombe chini, akaniuliza kuona vipi. Nikamweleza ule ujanja wa mwanya. Chakula hakukimaliza.

Ninachojiuliza ni wewe ulijuaje. Hata Kengele hana hiyo kwenye daftari lake. Na wewe una macho haya? Na siku ile na Mjomba Mdogo ilikuwaje? Nijibu moja, nyingine nitakudai baadaye.

Mdadisi


Tarehe 17 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua yangu ya Mei hukuijibu. Mwenzangu mmoja kwao ni huko, nikamtuma apite mbele ya duka lako. Akasema uko, unashona mkanda wa cherehani, miwani puani. Basi ni mzima. Sisi pia wazima.

Sitaki kupiga domo leo. Jumatano, kabla ya chakula cha mchana, familia mbili zilitoka chumba namba sita zikitukanana. Kulikuwa na watu kama arobaini kwenye korido. Mtu mmoja akapiga kelele "ana bunduki", na watu wakamwagikia ukutani. Katikati akabaki mwanaume mmoja ameelekea kwangu, hatua kumi hivi, anachomoa kitu cheusi kirefu kwapani. Nikatoa bastola. Ilikuja kama ulivyonifundisha, moja kwa moja mbele ya jicho. Lakini ule mwanya wako sikuupata, Mjomba. Hapakuwa na nafasi ya kuutafuta. Mwanga wa dirishani ulikuwa mkali, na nilikuwa nimeongeza nguvu ya nukta asubuhi ili ionekane. Ikapasuka yote. Mkono wake, kile kitu, kifua, vyote vilikuwa vyekundu, na mikono niliiona miwili pale palipokuwa na mmoja. Kidole changu kilikuwa kimeshakivuta kifyatulio nusu. Nilikuwa ninakimalizia.

Akakaa chini. Ndicho kilichomwokoa. Miguu ilimwishia akakaa sakafuni kama mtoto, na kile kitu kikabingirika mpaka kwenye kiatu changu. Ulikuwa mrija wa kubebea ramani. Ni mpima ardhi, alikuja kutoa ushahidi.

Wakubwa wamenisifu. Wameandika kwamba nilitulia. Mimi silali, Mjomba. Nikifumba macho namwona mpima ardhi, na mara nyingine hakai chini. Nani mwingine nimwambie? Kazini nimemficha kila mtu, na mama hajui zaidi ya ule mwanya.

Mdadisi


Tarehe 3 Julai

Mwanangu,

Sitaanza na hali ya hewa. Barua yako ya Mei ninayo, imechanika kwenye mkunjo kwa kusomwa. Sikuijibu kwa sababu ulikuwa umefurahi, na mimi ni mwoga.

Ndiyo, nina macho hayo. Ujanja wa mwanya niliugundua mwenyewe nikiwa kijana, kwa kutazama kupitia tundu la kifungo. Siku zile mwenye miwani hakupewa bastola. Kila mwaka tulipimwa macho kwa ubao wa herufi kliniki, na kila mwaka nilipita, kwa kuwa herufi nilikuwa nimezikariri. Mtu mmoja alizinakili akaniletea. Hana kosa, na sitamtaja hata nikiwa kaburini. Nikapita mpaka nikawa mwalimu wa wenye macho mazima. Uwanjani hakuna anayekuharakisha, umesema kweli.

Kitinda alipokua alitaka kazi ileile. Yeye macho yake yalikuwa ya mama yetu, angeweza kukuhesabia punje za mchanga. Tulikuwa kikosi kimoja miaka mitatu.

Siku hiyo tuliitwa ghala la vitambaa, kwamba kuna mtu kaingia na silaha. Tuligawana vichochoro vya rafu. Mle ndani kulikuwa na joto, Kitinda akavua koti la sare bila kumwambia mtu, akabaki na fulana nyeupe. Nilipokata kona niliona mtu wa nguo nyeupe mwisho wa kichochoro ananyanyua mkono. Nikafanya nilichokuwa nikifundisha. Nikakaza jicho kwenye ncha ya mbele, mtu akawa ukungu. Ncha nikaziona mbili. Nikachagua moja, nikafyatua.

Alikuwa ananipungia. Alikuwa ananiambia kwa mkono kwamba kichochoro chake ni kitupu, turudi nje.

Kwenye uchunguzi nilisema mwanga ulikuwa hafifu, na wakaandika hivyo. Ilikuwa saa saba mchana, Mdadisi. Paa la ghala lile lilikuwa na vioo vya kuingizia jua. Mwanga ulitosha mtu kutunga uzi kwenye sindano. Dada alikuwa amekaa benchi la nyuma siku niliyosema maneno yale, nikageuka kumtazama, akainamisha kichwa. Nikajua hataniangalia tena usoni, na ana haki. Mwezi uliofuata nikahamia huku.

Baada ya mwaka nilinunua miwani kwa mchuuzi, ya kujaribujaribu. Nikaivaa hapohapo, nikaona majani ya mti ng'ambo ya barabara, moja moja. Nilikaa chini kwenye vumbi. Watu walidhani nimelewa. Toka siku hiyo namwona vizuri. Kila siku ninamwona vizuri, kile kiganja, na vidole vyake vyote vitano.

Halafu ulipoandika kwamba nukta yako ina miiba, mimi, mtu huyuhuyu, nilichukua kalamu nikakufundisha kujificha. Nilitaka ubaki kwenye korido yako. Nilikupenda vibaya. Yule mpima ardhi angekufa kwa mkono wako na kwa kichwa changu.

Nenda kwa daktari wa macho wiki hii. Halafu nenda kwa mkubwa wako umwambie ulijua tangu Machi na ulificha. Mtaje aliyekufundisha, na kama wanataka anwani yangu wape. Watakushusha getini. Nenda getini. Kuhusu mama yako sikuombi umwambie wala umfiche. Hiyo iko mikononi mwako, mimi nimechoka kuishika.

Mjomba


Tarehe 30 Julai

Mjomba,

Shikamoo.

Nilikwenda. Daktari ni kijana, anatafuna bigijii akikupima. Alinipachika vioo viwili usoni akavizungusha kidogo, akaniuliza sasa je. Taa nyekundu iliyoko juu ya mlango wake ikawa duara. Ni miwani tu, Mjomba. Nusu saa. Nikalia mbele ya mtu anayetafuna bigijii.

Siku hiyohiyo nikaenda kwa mkubwa. Siku hizi miwani inaruhusiwa, kosa langu ni kuficha. Bastola imechukuliwa, na niko getini mpaka mwaka uishe. Baada ya hapo nitapimwa upya na wataamua. Napekua mikoba. Kengele anapita asubuhi hanisemeshi. Mpima ardhi nilimtafuta nikamwambia ukweli wote, jinsi ilivyobaki kidogo. Alinisikiliza, akaniuliza kama huwa nalala, nikasema kidogo. Akasema hata yeye.

Sasa ya mama. Nilizunguka na barua yako kwenye mkoba siku tisa. Jumapili nilimkuta jikoni, nikamwambia, "Mama, kaa, nakusomea kitu, na usitoke nje." Nikasoma yote tangu mwanzo. Pale penye kiganja alishika ukingo wa meza. Nilipofika uliposema kuna mtu alinakili herufi na hutamtaja, alinyanyua mkono niache kusoma.

"Ni mimi," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Nilikuwa mhudumu pale kliniki. Ubao ule nilikuwa naufuta vumbi mimi kila asubuhi. Nikaunakili, nikampelekea, na usiku nikawa namsikiliza mpaka akazishika. Alikuwa hataki, mwanangu. Alisema, dada, mimi sioni. Nikamwambia utaona hukohuko. Na Kitinda alipotaka kazi hiyo ni mimi niliyemsukuma aende kikosi cha kaka yake, nikasema wakiwa wawili mmoja atamtazama mwenzake."

Nikamuuliza mbona hakusema siku ya uchunguzi. Akasema aliinamisha kichwa kwa sababu ulipogeuka alidhani unakwenda kumtaja, na hukumtaja. Toka siku hiyo anaamini ulihama ili usiione sura yake. Anasema kila salamu uliyotuma miaka ishirini na miwili hii alikuwa akiisikia kama unamkumbusha. Nikamwambia, "Mama, mwenzako huko anadhani wewe ndiye humtaki." Akauliza basi la kuja kwako linaondoka saa ngapi.

Tumeshakata tiketi. Atafika Ijumaa, tarehe 8 Agosti, saa nane mchana. Mimi siji, getini hawatoi ruhusa. Amenikataza nisikuandikie maneno yake mengine, isipokuwa hili moja ambalo amenisimamia hapa mpaka niliandike: akishuka kwenye basi, usimwombe msamaha. Anataka kutangulia yeye.

Mpwa wako